Nina miaka 31 na matokeo ya kidato cha sita ya mwaka 2015: nipite njia ipi kufikia udaktari?

Muuza dawa wa Nansio ameuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Ninaishi Nansio, kisiwani Ukerewe katika Ziwa Viktoria, ambako ninahudumia wateja katika duka la dawa muhimu. Nilimaliza kidato cha sita mwaka 2015 kwa tahasusi ya PCB, nikapata C ya Biolojia, D ya Kemia na E ya Fizikia. Kidato cha nne nilifaulu masomo yote ya sayansi pamoja na Kiingereza, ila Hisabati nilipata F. Mwaka huu niliomba Shahada ya Udaktari wa Binadamu katika vyuo viwili baada ya kusoma mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), unaotaka angalau pointi 6 katika masomo hayo matatu, Kemia na Biolojia zisipungue D, na Fizikia isipungue E. Nilihesabu C kuwa 3, D kuwa 2 na E kuwa 1, nikapata 6 kamili. Vyuo vyote viwili vimejibu kwamba sina sifa.

Nia hii si ya jana wala juzi. Wavuvi wanakuja dukani wakiwa na tumbo lililojaa maji na mikono iliyokonda, wanaomba dawa ya gesi, wakati kichocho cha tumbo kimeshawaharibu ini kwa miaka mingi. Mmoja alitapika damu mbele ya kaunta yangu, na nilichoweza kumfanyia ni kumlaza kwa ubavu, kumpigia simu ndugu yake na kumtafutia usafiri wa kwenda hospitali ya wilaya. Mimi ninataka kuwa yule anayempokea kule. Je, nirudie mtihani wa kidato cha sita, au nianze na Stashahada ya Utabibu? Na umri wangu bado unaruhusu?

Mwalimu wa Buzuruga amejibu:

Dada, pole kwa majibu hayo, lakini vyuo havikukuonea. Hesabu uliyofanya ni ya waliomaliza kabla ya mwaka 2014, au kuanzia mwaka 2016. Ninyi wa 2014 na 2015 mlipimwa kwa madaraja mengine, yale yaliyokuwa na B+, na TCU inayasoma hivi: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1 na E ni nusu pointi. Kwa hiyo una pointi tatu na nusu, si sita. Tofauti hiyo ina sababu yake, kwa kuwa C ya mwaka wako ilianzia alama 40, ilhali C ya sasa inaanzia 60. Ninaisikitikia sana hali hii kwa sababu kila mwaka ninakutana na watu wazima waliolipa ada za maombi katika chuo kimoja baada ya kingine kwa hesabu hiyohiyo, na hakuna aliyewaeleza.

Kurudia mtihani kunawezekana. Utajisajili NECTA, yaani Baraza la Mitihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea kupitia kituo cha mtihani, usajili unaanza Julai, na mtihani unafanyika Mei ya mwaka unaofuata. Ninachokuomba ukizingatie ni mtihani wa vitendo. Kemia ya kidato cha sita haikamiliki kwa kusoma vitabu usiku baada ya kufunga duka; mkono wako unapaswa uzoee kufungulia bureti, ule mrija wenye vipimo, kidogo kidogo mpaka tone moja libadilishe rangi, kisha usome kipimo jicho likiwa sawa na usawa wa kimiminika. Hapa mjini kuna vituo vinavyopokea ada na kuwaonyesha watahiniwa maabara wiki ya mtihani. Kabla hujalipa, omba kuingia maabara na uulize ni siku zipi za wiki mtaitumia. Kama huwezi kuhamia Mwanza kwa mwaka mzima, mimi nisingekushauri njia hii.

Tabibu wa Misungwi amejibu:

Ninaungana na mwalimu, na ninaandika kama mtu aliyepita njia ya pili, kwani nilianza na stashahada na sasa niko mwaka wa tatu wa udaktari, nikiwa mkubwa kuliko wengi darasani.

Stashahada ya Utabibu ni ya miaka mitatu, na inapokea mwenye ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, Kemia, Biolojia na Fizikia zikiwemo. Hisabati si lazima pale mlangoni, na hapo ndipo wengi wanapokwama baadaye. Ukitaka kuingia udaktari kwa stashahada, mwongozo wa TCU unataka wastani wa B au GPA (wastani wa pointi za masomo ya chuo) isiyopungua 3.0, pamoja na angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Nina wenzangu, matabibu hodari wanaoaminiwa na vijiji vizima, ambao mpaka leo wamezuiwa na ile F moja. Irudie Hisabati, dada yangu, na uirudie mapema. Na hiyo 3.0 ichukulie kuwa ruhusa ya kuomba tu, kwa maana nafasi ni chache na vyuo huanza na wenye GPA za juu, ikiwa ni pamoja na hapa kwetu kwenye chuo cha udaktari cha kilimani Bugando, Mwanza.

Faida yake ni kwamba utaingia wodini mapema. Utajifunza kumlaza mgonjwa chali, kuweka kiganja chini ya mbavu za kulia na kumwambia avute pumzi mpaka ukingo wa ini uguse vidole vyako. Huyo mvuvi wako utakuwa unamhudumia kwa leseni kabla hata hujafika chuo kikuu, na hata ukikosa nafasi ya udaktari unabaki na taaluma inayohitajika visiwani.

Mlezi wa Igoma amejibu:

Binti yangu, mimi nitagusia fedha na umri tu. HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, wanataka mwombaji asiyezidi miaka 35, na pia awe amehitimu ndani ya miaka mitano. Vyeti vyako vya shule vimeshapita muda huo, hivyo ada ya stashahada ipange kutoka mfukoni. Lakini ukianza muhula ujao utahitimu ukiwa na miaka 34, cheti kikiwa kipya, na mlango wa mkopo wa shahada utakuwa bado uko wazi. Ukichelewa miaka miwili umefungwa. Udaktari ni miaka mitano na mmoja wa mafunzo kwa vitendo, kwa hiyo utamaliza ukiwa na miaka 40, na matangazo ya ajira serikalini kwa kawaida yanaweka ukomo wa miaka 45.

Muuza dawa wa Nansio:

Ninawashukuru sana, na wewe mzee wangu shikamoo. Je, niahirishe chuo mpaka nifaulu Hisabati, au inawezekana kuviendesha pamoja?

Mwalimu wa Buzuruga:

Usiahirishe, kwa sababu ya ule umri wa mkopo aliokueleza mzee. Unaruhusiwa kurudia somo moja peke yake. Usajili wa kidato cha nne hufunguliwa Januari na mtihani ni Novemba, kwa hiyo jisajili mwaka wako wa kwanza wa chuo, katika kituo kilicho karibu na chuo na si Nansio, ili usilazimike kuvuka ziwa katikati ya mitihani yako mingine. Usipofaulu mara ya kwanza, utakuwa na Novemba nyingine kabla ya kuhitimu. Anza na mada za takwimu, seti na hesabu za biashara, kisha ingia aljebra. D inaanzia alama 30.