Naomba ushauri: mpango wa NGN nifuate ITU-T au 3GPP?

Wakuu, habari zenu. Kazini nimepewa jukumu la kuandaa mpango wa kuhamisha simu za mezani kutoka swichi za zamani kwenda mtandao wa IP, yaani NGN (mtandao wa kizazi kijacho), na bosi anataka kila kitu kifuate viwango vya kimataifa.

Nimesoma mapendekezo ya ITU-T (kitengo cha viwango cha Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano), Y.2001 na Y.2011, yote ya mwaka 2004. Wazo la kutenganisha tabaka la huduma na tabaka la usafirishaji nimelielewa, na kusema kweli ni zuri: unabadilisha njia ya kusafirisha data bila kuvuruga huduma. Shida ni Y.2012, pendekezo lao la muundo wa NGN. Michoro yake imejaa vifupisho hadi kichwa kinauma, tena inaeleza kazi tu, si kifaa kipi kinaifanya. Halafu kuna IMS (mfumo wa kuendesha simu na huduma nyingine juu ya IP) ya 3GPP, ushirika wa mashirika yanayotunga viwango vya simu za mkononi, ambayo ndiyo wauzaji wa mitambo wanaing'ang'ania.

Je, nijenge mpango juu ya Y.2012, au niende moja kwa moja kwenye TS 23.228, waraka wa 3GPP wa muundo wa IMS? Na TS 23.501, waraka wao wa muundo wa mfumo wa 5G, inanihusu kweli? Waliopitia hili naomba mnielekeze, hasa kipindi cha mpito, swichi za zamani zikiwa bado zinafanya kazi.