Bahati ya kweli ukiitia kwenye hadithi, mbona inageuka uongo?

JinoLaMzee

Wakuu salaam. Kuna jambo linanikereketa tangu wiki iliyopita, nimeona nililete hapa.

Mimi mzaliwa wa Mirerani, kwenye migodi ya tanzanaiti. Mzee wangu alikuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji, kazama migodini tangu sijazaliwa mpaka kifua kilipomkatalia. Mwaka 1998, zile mvua za El Nino, maji yaliingia migodini yakaua wachimbaji wengi. Wenyeji wanajua, habari ya siku ile mpaka leo haizungumzwi kwa sauti kubwa. Mzee hakuwemo. Alikuwa Moshi anang'oa jino. Gego la chini, kushoto, lilimtesa siku tatu hata ugali haushuki, anakunywa uji kwa upande mmoja wa mdomo kama mtoto. Alfajiri akadandia pikapu hadi njia panda ya KIA, huyoo. Rafiki yake, ambaye siku hiyo ilikuwa yake ya kupumzika, akazama mahali pake.

Jino lile mzee hakulitupa. Alirudi nalo nyumbani ndani ya kiberiti.

Sasa mimi huwa naandika andika. Nikaandika hadithi fupi: mchimbaji anaumwa jino, anahangaika na familia, madeni, ugomvi na mke, mwisho anakwenda kung'olewa, anarudi anakuta umati umezunguka mgodi. Nikaipeleka kwenye shindano moja. Imerudi na maoni ya mstari mmoja, kwamba mwisho unategemea sadfa mno, msomaji hataamini.

Sadfa! Nilicheka, halafu nikakasirika. Jino ninalo kabatini, lina tundu jeusi unapitisha njiti. Na huko huko kwetu, Juni 2020, Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti yenye uzito wa karibu kilo 15 kwa shilingi bilioni 7.7. Agosti mwaka huo huo akarudi na la tatu, kilo 6.3. Ningeandika hilo la tatu kwenye hadithi si mngenitoa mbio?

Swali langu basi: kwa nini jambo lililotokea kweli likiingia kwenye hadithi linaonekana la kutunga?

MkekaUmechanika

Mkuu, mimi si mtu wa vitabu, mimi ni mtu wa kubeti, lakini hapa nina la kusema.

Jumamosi nilikuwa na mkeka wa mechi 12. Kumi na moja zimekubali. Ya mwisho naongoza mpaka dakika ya 90, wakarudisha dakika za nyongeza, mkeka ukachanika. Hii stori nimeshaisimulia kijiweni mara sita na kila mtu ananiamini, wengine wananinunulia chai. Mwaka juzi nilishinda mkeka wa mechi 9. Nikisimulia, wanauliza, "Risiti iko wapi?" Tena mmoja akaniomba mkopo.

Kwa hiyo mimi naona watu wanapokea nuksi bila kuuliza maswali, ila zali wanalidai ushahidi. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nuksi kila mtu anayo nyumbani kwake.

Halafu ndugu yangu, huyo wa kilo 15 tunamjua kwa sababu alipata. Waliozama miaka ishirini wakatoka na kikohozi hawaandikwi gazetini. Mzee wako ni mmoja wao, pole.

BintiMakorora

Mwanangu, mimi bibi wa Tanga, nimeona uzi wako nikavaa miwani.

Bibi yangu alikuwa akitupa kisa cha Sultani Darai, na wewe bila shaka umekisikia. Maskini anachakura jaani akitafuta punje za mtama, anaokota thumuni. Hapo hapo anapita mtu anauza paa, maskini anatoa thumuni yake ya mwisho kununua paa, watu wanamcheka. Kumbe paa anasema! Paa huyo huyo anakwenda malishoni anaokota almasi. Hesabu mwenyewe hapo bahati ngapi: thumuni, muuzaji kupita saa ile ile, paa mwenye maneno, na almasi juu. Sisi watoto tumejifunika shuka moja, hakuna hata mmoja aliyesema, "Bibi, hiyo sadfa."

Lakini angalia zimekaa wapi. Zote zipo mwanzo. Hadithi yenyewe ni ya baadaye, paa anapougua na yule bwana, ambaye sasa anakaa jumba la fahari, anaamuru apikiwe uji wa mtama tu. Hapo ndipo tulipokuwa tukilia. Na paa anapokufa, bwana anaamka yuko jaani, anachakura.

Wewe bahati umeiweka mwisho, imekuja kumtoa mtu wako taabuni ulikomtia mwenyewe. Msomaji anakuona wewe mwandishi umesimama nyuma ya pazia. Ling'oe jino ukurasa wa kwanza, uone kama kuna atakayebisha.

Nyoka_Mstaafu

Nimekaa chini miaka 14, vitalu viwili tofauti. Nisahihishe jambo kidogo, maana wengi mnaongea kuhusu Mirerani kama vile watu wanaokota mawe barabarani.

Kwanza, si kubahatisha kitupu. Jiwe lina njia yake. Unafuata mkanda, unaangalia mwamba ukianza kuwa mweusi wa kinywe, mikono inabaki na masizi ya kung'aa kama umeshika penseli. Mkongwe anaweza kukwambia hapa karibu, na usiku ule hakuna anayelala. Ila karibu inaweza kuwa wiki, na inaweza kuwa mwaka, tajiri anayegharamia mgodi anakata tamaa ya kununua dizeli na unga, mnafunga.

Pili, hili ndilo nililotaka kusema. Mleta mada umepitisha kwa mstari mmoja kitu ambacho mimi kilinisimamisha. Wewe unasema rafiki "akazama mahali pake". Unajua maana yake? Kwenye migodi niliyofanya mimi hakukuwa na mshahara. Mnakula posho, mnalala, mnasubiri uzalishaji. Jiwe likitoka, wanagawana waliokuwepo. Usipokuwepo siku hiyo, miaka yako yote imekwenda na maji. Ndiyo maana watu walizama na malaria, walizama siku wamezika. Mzee wako kuondoka kwa sababu ya jino, basi lile jino lilikuwa jino kweli kweli. Na yule rafiki hakuwa akiziba pengo la kazi. Alikuwa anamshikia mgao wake.

Kwa mtu aliyefanya ile kazi hakuna sadfa pale, mkuu. Kuna mtu aliyemfanyia mwenzake wema. Hukuliandika hilo kwa sababu kwenu lilikuwa la kawaida, kama mtu asivyoandika kwamba alivaa viatu.

BintiMakorora

Nyoka, Mungu akuweke. Mwanangu mleta mada, huyo rafiki aliacha watoto?

JinoLaMzee

Nimechelewa kujibu, nilitoka nje kidogo baada ya kusoma alichoandika Nyoka. Sikuwa nikijua hilo la mgao. Mzee hakuwahi kulisema na mimi sikuwahi kuuliza.

Bibi, aliacha wawili. Wa kwanza tulisoma naye darasa moja, dawati moja. Tulipoingia sekondari mzee akawa anatulipia ada wote wawili, na michango, na mwaka mmoja hata godoro. Mama alilalamika, maana kwetu kulikuwa hakuna kitu. Mzee akasema ni deni. Kwamba marehemu alimkopesha magunia ya mahindi mwaka wa njaa, na yeye analipa polepole. Akalipa mpaka tulipomaliza kidato cha nne.

Jana nimempigia simu yule mwenzangu, yuko Babati anauza vipuri vya pikipiki. Nikamuuliza kuhusu hayo mahindi. Akanyamaza. Akasema baba yake hakuwahi kuwa na shamba.