Rangi gani inadumu kwenye beji za shaba zilizochorwa kwa asidi, zikikaa nje juani?

Mchorashaba
Wakuu salaam. Nachora beji za shaba ya njano kwa feriki kloridi (dawa ya asidi inayokula shaba), zile za kufunga kwenye boti na mageti, bati la 1.5 mm, nachimba kama 0.3 hivi. Kuchora sio shida, shida ni rangi ya kujazia ndani ya herufi. Mwaka jana nilimpa jamaa mmoja wa Kunduchi beji sita nimejaza kutex, nyeusi na nyekundu (msicheke), zilitoka kali hatari, masika moja tu nyekundu ikawa pinki na nyeusi inabanduka ka ngozi ya nyoka, mteja kanitumia picha bila kuandika hata neno. Sasa nimepata oda ya beji 40. Nimebaki na rangi ya mafuta, epoksi (ile gundi ya chupa mbili inayoganda ngumu) ya kuchanganya na unga wa rangi, rangi ya gari ya tu-pack (ile inayochanganywa na dawa ya kuigandisha), au poda koti (rangi ya unga inayochomwa kwenye oveni). Nani kajaribu?

Msasa800
Kutex tena mkuu 😂 ile ndani yake ni nitroselulosi, jua linaikausha hadi inakatika katika. Rangi ya mafuta nayo isahau, inachukua siku kibao kukauka ndani ya mchoro na juu inakuja na ngozi, ukipiga msasa inavutika ka ubani.

Mi natumia tu-pack ya magari, unaenda kwa wanaochanganya rangi za gari unasema nusu robo nyeusi na hadna yake (hiyo dawa ya kuigandisha), unajaza kwa sindano ya hospitali. Ubaya wake inasinyaa maana thina inaondoka, so utajaza mara mbili au tatu ndo ilingane na uso wa shaba. Afu vaa maski ya maana, hadna ya tu-pack sio mchezo kwenye mapafu.

Bi Rangi
Mi ni mtu wa epoksi na nitaitetea. Haisinyai, unajaza mara moja, unapitisha drayer ya nywele mapovu yanatoka, kesho yake unapiga msasa wa maji 400, 600, 800 inatoka laini ka kioo. Kosa la wengi wanamimina rangi ya kopo ndani ya epoksi hadi inakataa kukomaa, inabaki nata nata. Tumia unga mkavu, na kidogo tu. Kwa nyekundu mi nanunua oksaidi ile ya sakafu, ile ile bibi zetu walikuwa wanasugulia baraza, naichekecha kwenye kitambaa cha chai. Ile ni kutu ya chuma kwa asili, jua litaipaukisha nini? Sio nyekundu ya kuwaka lakini, ni ya udongo, mwambie mteja mapema.

Kipepo_Msa
Dada epoksi ni nzuri ila usimfiche mwenzio, jua la nje linaila. Mi niko Mombasa, nyeupe yangu ya epoksi iligeuka njano ka meno ya mvuta sigara na nyeusi ikaweka unga juu, ukipitisha kidole kinatoka na vumbi. Kivulini inakaa, juani hapana.

Bi Rangi
Kweli, ya peke yake inapauka, ndo maana juu napiga klia (rangi isiyo na rangi, inayoonyesha chini) ya gari ya tu-pack yenye kinga ya jua. Epoksi inajaza shimo, klia inabeba jua.

Msasa800
Hapo kwenye klia ndo tutagombana. Ukipiga klia beji nzima pwani, ikipata mkwaruzo mmoja chumvi inaingia chini na shaba inaweka madoa meusi humo ndani ambayo huwezi kuyafuta, labda ukwangue yote uanze upya. Bora shaba ibaki wazi mtu aisugue mwenyewe.

Kipepo_Msa
Aisugue na nini, dawa ya kung'arishia shaba si ina unga wa kusaga ndani, kila Ijumaa anakula rangi kidogo kidogo 🤷 Kwa boti mi nilishahama shaba, nachora stenlesi gredi ya 316. Ile gredi ya kawaida, 304, karibu na maji chumvi inatoa vidoti vya kutu.

Oveni Kuu
Poda koti mbona mmeiruka? Inaiva kwenye digrii 180 hadi 200, shaba haidhuriki, unakwangua juu rangi inabaki kwenye mashimo. Ila ulizia poda ya poliesta, ya epoksi ni ya ndani ya nyumba. Ubaya ukiwa na rangi tatu kwenye beji moja ni kichaa, na beji 40 za herufi ndogo poda haishuki vizuri kwenye kona.

Na kama mtu ana hela, enameli ya kioo ya kuchoma ndo baba lao, zile beji za magari ya zamani ya Uingereza zingine hadi leo zinang'aa. Ila inachomwa digrii mia nane huko na inataka shaba nyekundu, hiyo ya njano yenye zinki nyingi inasumbua. Oda hii sio yake.

Msasa800
Mkuu kabla ya yote, unasafishaje? Mi naona rangi ya yule wa Kunduchi ilibanduka kwa sababu asidi ilibaki ndani. Ukitoa kwenye feriki suuza, chovya kwenye maji ya magadi, suuza tena, kausha, futa na asetoni, usiguse na kidole. Kipimo ni maji tu, mwagia beji, yakitandaa ka shuka iko safi, yakijikusanya matone bado ina mafuta.

Mchorashaba
Nimeelewa. Za geti nafanya epoksi na oksaidi, klia nachora juu ya herufi tu kwa brashi ndogo, shaba ibaki wazi. Za boti najaribu tu-pack nyeusi tupu, nyekundu siigusi.

Na hicho kipimo cha maji nimekifanya saivi kwenye beji niliyokuwa nishaiweka pembeni eti tayari kujazwa. Maji yamekimbia ka kwenye jani la magimbi. Nafata asetoni dukani.