Skana, kamera au simu? Kipi kinafaa kuokoa picha za zamani za reli na meli

MzeeWaShedi (Tabora)

Mwangaluka ndugu zangu, na vijana shikamoo zenu nimeshazipokea hata kabla hamjaandika. Nina miaka 72, nimekulia kota za reli hapa Tabora, baba alikuwa fundi wa shedi, yaani banda la kutengenezea vichwa vya treni, na ugonjwa wangu tangu ujana ni kupiga picha vitu vinavyotembea, treni, malori, mabasi, meli nikienda Kigoma, hata baiskeli zilizobeba madumu ya asali. Wenzangu wanapiga picha za harusi mimi filamu inaishia stesheni, mama watoto mpaka leo ananisema maana ya harusi yetu tuna picha nne tu na vichwa vya treni havihesabiki.

Chache nimeziweka hapa chini mzione, ya 3 ni injini pale shedini. Sasa shida yangu. Kuna negativu kubwa za Yashica ile ya kutazamia kwa juu, filamu ya 120, picha 12 tu kila roli. Kuna negativu ndogo za 35 nilizopiga na Zenit baadaye. Halafu kuna picha zilizosafishwa tayari, za nyeusi na nyeupe bado nzima kabisa ila za rangi za miaka ya sabini mwishoni zimegeuka nyekundu zote, ukizitazama utadhani Tabora ilikuwa inaungua. Mjukuu anasema piga na simu babu yaishe. Mkwe wangu yuko Dar anasema atanitumia skana. Jirani ana kamera ya dijitali anasema skana ni mambo ya kizamani. Nimsikilize nani? Na msiniambie nipeleke studio, niliwahi kupeleka bahasha moja mji fulani, jina naliacha, nikarudishiwa negativu zimekatwa ili ziingie kwenye vimfuko vyao. Zimekatwa katikati ya picha jamani. Kichwa huku, mabehewa kule.

FundiLenzi

Shikamoo mzee. Hiyo ya kukatwa imeniuma mpaka tumboni.

Ngoja nijibu kwa hesabu kidogo. Negativu ya 35 ni milimita 24 kwa 36 tu, kadude kadogo. Ukiskani kwa DPI 3200 (nukta kwa kila inchi) unapata pikseli kama 4500 kwa 3000, yaani megapikseli 13 na ushee, kwa maandishi ya kwenye boksi inatosha sana. Ila skana nyingi za bapa zenye taa kwenye mfuniko zinajisifia 6400 halafu ukikuza unakuta ukungu, uwezo wake wa kweli hata nusu haufiki. Kwa hiyo za 35 mimi nasema kamera, tafuta lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, weka negativu juu ya meza ya mwanga, kamera iangalie chini kwenye stendi, funga mapazia, roli nzima unaimaliza hata chai haijapoa. Za 120 ni habari nyingine, upande mmoja una karibu sentimita 6, kwa DPI 2400 tu unapata pikseli zaidi ya 5000 kila upande, hapo skana ya mkweo haitoki jasho. Jibu ni vyote viwili mzee wangu, pole kwa gharama.

Kitu kimoja usisahau. Skana nyingine zina kitufe cha kufuta vumbi kinachotumia infraredi. Kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe usikiwashe, picha yenyewe ni chembe za fedha na ile miale haipiti kwenye fedha, kwa hiyo mashine inadhani picha nzima ni uchafu inaanza kuila.

BintiUjiji (Kigoma)

Mwakeye babu, shikamoo. Mimi nimtetee mjukuu wako kidogo, maana hawa wa lenzi za makro wanaongea kama kila mtu ana hela ya kuchezea.

Albamu ya marehemu baba nimeimaliza kwa simu Jumapili mbili. Alikuwa bandarini hapa Kigoma. Kwa picha za karatasi simu inatosha kabisa ukijua kuipiga, kaa karibu na dirisha lakini jua lisigonge picha moja kwa moja, fleshi zima, simu ilale sambamba na picha maana ukiinamisha tu meli inakuwa kama inazama. Picha ikiwa inang'aa sana nilikuwa nasimama nimevaa kanga nyeusi ili isiakisi nguo yangu, msinicheke. Negativu nilijaribu kuziweka juu ya skrini ya laptopu iliyofunguliwa ukurasa mweupe, ya kwanza ikatoka na vidoadoa vya skrini vyote, mpaka nilipoinyanyua kwa kuweka mfuniko wa bakuli la plastiki katikati ndiyo vikapotea. Lakini kusema ukweli negativu kwa simu ni za kutambua tu nani ni nani, za kuchapisha hapana.

Na picha zilizoganda kwenye kioo cha fremu usizibandue! Ya kwanza niliibandua, bomba la moshi la meli ya Liemba likabaki kwenye kioo. Zilizofuata nimezipiga zikiwa humohumo ndani.

Kaliua255

wazee mnajichosha bure kwl 😂 nimechukua picha ya 3 ya mzee nikaipitisha kwenye programu ya AI, sekunde kumi tu, mikwaruzo yote imeisha na rangi nimeweka, cheki ilivyong'aa. skana ya nini sasa

MzeeWaShedi (Tabora)

Kijana wangu wa Kaliua, asante kwa moyo, umefanya bila kuombwa na hiyo ni tabia nzuri. Lakini hebu kaa na mimi hapa tuitazame pamoja.

Hiyo injini ni ya daraja la 30. Ubavuni ukihesabu ina gurudumu moja dogo mbele, manne makubwa ya kuvuta, mawili madogo nyuma chini ya chumba cha dereva. Yako ina makubwa matano. La tano umelitoa wapi? Haya, namba. Kwenye negativu yangu tarakimu ya tatu imekwaruzwa, haisomeki vizuri, programu yako haikukubali kuacha doa, ikaandika 3070. Daraja la 30 zilitengenezwa 26 tu na kiwanda cha North British kule Glasgow, mwaka 1955 na 1956, zinaanzia 3001 zinaishia 3026. Hiyo 3070 haijawahi kutembea kwenye reli yoyote. Kila moja ilikuwa na jina la kabila, 3020 iliitwa Nyaturu na ipo mpaka leo makumbusho ya reli Nairobi. Halafu umeipaka kijani, EAR, reli ya Afrika Mashariki, rangi yao ilikuwa maruni, nimeishika kwa mkono wangu ikiwa bado ya moto nikapigwa kofi na baba.

Na yule bwana pembeni mwenye kopo la mafuta umempa uso wa mcheza sinema. Nimemtazama weee simjui. Mikwaruzo niachie, bora doa ninalolijua.

Kaliua255

duh mzee nimekoma 🙏 magurudumu sikuhesabu kabisa. naifuta

MzeeWaShedi (Tabora)

Usiifute, iache watu wahesabu.

MstaafuUvinza

Nimesoma yote kimyakimya sasa niseme. Mimi nipo upande wa skana na sababu yangu sio pikseli. Skana inaskani NYUMA ya picha bila kukusumbua. Unageuza tu. Mwenye kamera na simu akishapanga mwanga wake na stendi yake hageuzi picha, anaona uvivu, nawajua, na mimi nilikuwa hivyohivyo, nimepiga picha mia na kitu za mjomba wangu aliyekuwa stesheni masta bila kugeuza hata moja halafu albamu ikapelekwa kijijini mchwa wakaila. Sasa nina picha za stesheni na sijui ni Nguruka au Usinge, majengo yanafanana, mwembe unafanana.

Ukikosa maandishi unabaki kubahatisha kwa herufi za kwenye behewa. Ukiona EAR&H, H ni ya bandari, ni kabla ya 1969 maana hapo ndipo reli na bandari walipotenganishwa, ukiona EAR peke yake ni mpaka 1977 jumuiya ilipovunjika, TRC, shirika la reli la Tanzania, ni baada ya hapo. Ila rangi hawakupaka upya siku hiyohiyo, behewa linaweza kuwa na herufi za zamani miaka kadhaa, kwa hiyo msije mkanifunga. Kuna mtu aliwahi kunitumia picha kaandika "Treni Kigoma 1910". Nikamuuliza iliendaje, kwa miguu? Reli imefika Tabora 1912 na Kigoma 1914.

BintiUjiji (Kigoma)

Hapo kwa maandishi ya nyuma Mstaafu umenimaliza, naunga mkono asilimia zote. Ile picha ya Liemba nyuma baba kaandika kwa kalamu ya risasi "Kigoma Agosti 1971, moshi mwingi". Bila hayo mimi ningeona meli tu. Kumbe kwa mwaka huo bado ilikuwa inatembea kwa mvuke, injini za dizeli wamekuja kuweka baadaye miaka hiyohiyo ya sabini, kwa hiyo ule moshi ni wa zile boila. Na ni meli iliyojengwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipandevipande kwenye makreti ikapanda treni mpaka hapa, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 mdomoni mwa mto Malagarasi baada ya kuzipaka injini grisi, Waingereza wakaja kuiibua 1924. Grisi ilifanya kazi kuliko kioo changu cha fremu.

Sehemu za nyuma nilizipiga kwa simu pia, kila picha mbili, mbele nyuma mbele nyuma. Sio uvivu wa simu ni uvivu wa mtu 😄

FundiLenzi

😂😂 Mstaafu kajibiwa. Mzee mkishamaliza msitumiane kwa WhatsApp kama picha, inazibana zinabaki kivuli, tumeni kama dokumenti. Na nakala ziwe mbili, diski moja kwako nyingine kwa mkwe Dar, msiziweke nyumba moja.

MzeeWaShedi (Tabora)

Nimerudi baada ya wiki tatu. Skana imefika kwa basi ikiwa imefungwa kwenye blanketi, mkwe Mungu ambariki. Nimechukua negativu ileile ya picha ya 3 nikaipitisha kote, simu ya mjukuu, kamera ya jirani, skana.

Simu imeshindwa, kingo zimepinda na moshi wote umekuwa karatasi nyeupe. Kamera ya jirani na skana kwa hii ya 120 sioni tofauti ya kugombania, ila kamera tulihangaika kutwa nzima kuinyoosha, na mtoto akipita sakafu inatikisika. Skana naiwasha nakwenda kupalilia naikuta imemaliza. Za 35 nitampelekea jirani, FundiLenzi alikuwa sahihi, kwenye skana hata mataruma hayahesabiki. Na nyuma nageuza kila moja Mstaafu, hata zisizo na maandishi.

Tarakimu ile ya tatu bado haisomeki, nimekuza mpaka ikawa mabaka. Inaweza kuwa 1 au 2, nimeandika hivyohivyo nyuma yake, "30?0".

Lakini yule bwana mwenye kopo la mafuta sasa anaonekana vizuri, mfupi, kofia kaigeuza, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kimefungwa kitambaa. Ni shedi ya Tabora mwaka 1974, nyuma niliandika injini tu sikuandika mtu. Nimeiweka tena hapa chini bila kuigusa. Kama kuna mtoto wa kota anamtambua baba yake au mjomba wake aniambie, hata jina la kazini tu.