DDT na PCB kwenye mashapo: je, ninunue viwango vyenye kaboni-13?

Mwanafunzi_Pwani:
Habari zenu, ndugu wataalamu. Ninasoma shahada ya uzamili, na ninapima DDT (dawa ya kuua wadudu), mazao ya kuvunjika kwake DDE na DDD, pamoja na zile PCB saba za kiashiria (kemikali za viwandani zenye klorini), kwenye mashapo niliyochota mdomoni mwa mto Msimbazi. Chombo nilicho nacho ni kromatografu ya gesi yenye kigunduzi cha kunasa elektroni. Spektrometa ya masi hatuna. Ili kuhakiki njia yangu, nilidondoshea mchanganyiko wa viwango (myeyusho wa kemikali hizo wenye kiasi kinachojulikana) kwenye mashapo, nikayatikisa katika kiyeyushi siku hiyohiyo, nikapata tena kati ya asilimia 88 na 96 ya kile nilichoweka. Lakini nilipopima mashapo yenye cheti (kinachothibitisha kiasi cha kila kemikali iliyomo) tuliyoazimwa na maabara nyingine, PCB zote zilipungua, DDT ikawa nusu ya thamani ya kwenye cheti, na DDD ikazidi. Muuzaji mmoja ameniambia kwamba viwango vya PCB zenye kaboni-13, aina nzito ya kaboni, vitaondoa tatizo, ila bei yake inamaliza bajeti yangu yote. Naomba ushauri.

Mpimaji_wa_Ziwa:
Usinunue, ndugu yangu. PCB yenye kaboni-13 katika nafasi zote 12 inatofautiana na ya kawaida kwa uzito tu, na tofauti hiyo huonwa na spektrometa ya masi. Katika safu ya kromatografu (bomba jembamba linalotenganisha kemikali) zinatoka karibu kwa wakati mmoja, na kigunduzi chako kinachoitikia klorini hakiwezi kuzitenganisha, kwa hiyo utakuwa umeongeza kichafuzi kilekile unachokitafuta. Kwa chombo chako, tumia kiwango cha ndani, yaani kemikali unayoiongeza kwa kiasi kinachojulikana katika kila sampuli, ambacho hakimo, au karibu hakimo kabisa, katika mazingira: tetrakloro-meta-zailini, PCB 103 au PCB 198 (namba hutaja aina ya PCB). Wengi hutumia pia PCB 209, lakini mimi huiepuka kwenye mashapo ya mijini, kwa sababu hutokea kama zao la ziada katika utengenezaji wa baadhi ya rangi. Kiwango hicho kiweke kabla ya kuchopoa, yaani kabla ya kutoa kemikali kwenye mashapo kwa kiyeyushi. Ukikiweka mwishoni, hakitakuambia lolote kuhusu kilichopotea njiani.

Bibi_Maabara:
Mwanangu, naona una makosa mawili yaliyofunikana. La kwanza ni hiyo asilimia 88 hadi 96. Tone ulilodondosha asubuhi na kuchopoa jioni limekaa juu juu ya chembe, ilhali DDT iliyolala mtoni kwa miaka mingi imejipenyeza ndani ya mboji na masizi, na haitoki kwa kutikiswa kidogo. Ndiyo maana mashapo yenye cheti, kama vile SRM 1941b ya NIST (taasisi ya vipimo ya Marekani) iliyotokana na mashapo ya bandari ya Baltimore, yana thamani kubwa kuliko chupa yoyote ya myeyusho: uchafu wake ulizeeka humo humo. Jaribu Soxhlet, chombo kinachosafisha mashapo tena na tena kwa kiyeyushi cha moto kilichopoa na kurudi, kwa saa 16 hadi 24, kisha linganisha.

La pili ni DDT kupungua huku DDD ikipanda. Hapo nashuku mdomo wa kuingizia sampuli: mjengo wa kioo (kibomba kilicho ndani yake) ukiwa mchafu, DDT huvunjika humo kwa joto kabla ya kufika kwenye safu. Ingiza myeyusho wa DDT tupu pamoja na endrini (dawa nyingine ya wadudu inayovunjika kwa urahisi), ukokotoe ni sehemu gani imegeuka. Njia ya 8081 ya shirika la mazingira la Marekani (EPA) hairuhusu zaidi ya asilimia 15 kwa kila kimoja. Na kama hujaondoa salfa kwa unga wa shaba, fanya hivyo kwanza, maana mashapo ya bahari yamejaa salfa na kigunduzi hicho huipokea kwa nguvu kama klorini.

Mizani_Kwanza:
Naongeza kuhusu ampuli zenyewe, yaani vichupa vya viwango. Cheti kikisema mikrogramu kwa mililita katika nyuzi joto 20, nawe ukifyonza isooktani katika chumba cha nyuzi joto 30, kiyeyushi kimetanuka na umechukua pungufu kwa takriban asilimia 1. Pima kwa mizani, si kwa bomba. Chupa iliyokwisha kufunguliwa ipimwe kabla ya kuirudisha kwenye friji na tena kabla ya kuitumia. Uzito ukishuka, kiyeyushi kimevukiza na kiwango chako kimekolea bila wewe kujua. Vilevile, kwenye safu ya kawaida yenye asilimia 5 ya fenili, PCB 138 hutoka pamoja na PCB 163, kwa hiyo angalia kama cheti kinataja moja au jumla yake kabla ya kulinganisha.

Mwanafunzi_Pwani:
Shikamoo, Bibi, na ninawashukuru nyote. Nimefanya jaribio la DDT tupu leo: asilimia 31 imevunjika. Nimebadilisha mjengo na kukata sentimita 20 za mwanzo wa safu, na sasa ni asilimia 6. Sampuli 14 nilizokwisha kupima nitazirudia. Je, kwa PCB ninaweza kutumia dondoo zilezile (viyeyushi nilivyochopolea) zilizo kwenye friji?

Bibi_Maabara:
Marahaba, mwanangu. Dondoo hizo zitakuonyesha tu ni DDT kiasi gani ilivunjikia kwenye chombo. PCB, na sehemu ya DDT pia, zilibaki kwenye mashapo, kwa hiyo zote uzichopoe upya, na katika kila kundi la sampuli weka kipimo kimoja cha mashapo yenye cheti.