Mrejesho: picha za dubu, Brooks Falls

Wakuu, ahsanteni. Niliuliza niende lini na lenzi gani kupiga picha dubu wa maporomoko ya Brooks Falls, hifadhi ya Katmai, Alaska.

Nendeni Julai, samaki aina ya samoni wanaporuka maporomoko. Agosti dubu wengi hutawanyika. Septemba hurudi wamenenepa, ila hukaa zaidi sehemu za chini za mto.

Ndege za kutua majini huondoka mji wa King Salmon. Ukishuka tu kuna somo la lazima la usalama: kaa mita 45 kutoka kwa dubu, na usitembee na chakula. Jukwaa la maporomoko huchukua watu 40. Julai unaandikisha jina, unasubiri, unapewa saa moja.

Saa hiyo ndiyo ya kupangia. Lenzi ya milimita 100-400 inatosha kabisa. Kasi ya shata iwe sekunde 1/1600, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iache ipande. Kinachoharibu picha nyingi ni fokasi ya kujitafutia, yaani kamera kuchagua yenyewe pa kulenga: inanasa matone ya maji, mdomo wa dubu unabaki ukungu. Ifunge kwenye kichwa cha dubu aliyesimama juu ukingoni, samoni atakuja mwenyewe. Punguza mwanga kidogo pia. Povu jeupe likishaungua kwa mwanga mwingi halirudi, manyoya meusi yanafufuka ukihariri RAW (faili ghafi la kamera).