Mau Mau: ofisa wa ujasusi ajifunze nini?

Mwanafunzi_Usalama: Wadau, nasomea masuala ya usalama na nimepewa insha kuhusu mafunzo ya vita vya msituni kwa maofisa wa ujasusi. Nimechagua Mau Mau, wapiganaji wa Kenya waliopigana na utawala wa Waingereza. Kila ninachosoma kinasifu magenge bandia ya maofisa wa Waingereza akina Frank Kitson na Ian Henderson. Hilo ndilo somo kuu?

Kasuku57: Usiliruke. Wapiganaji waliokamatwa walirudishwa msituni na matambara yao na nywele zao ndefu, wakawasaka wenzao. Ndivyo Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alivyobanwa hadi akakamatwa tarehe 21 Oktoba 1956.

Mjukuu_wa_Tetu: Nakusihi usiishie hapo. Andika kuhusu gakunia, yaani mtoa habari aliyefichwa ndani ya gunia.

Tarehe 24 Aprili 1954 Operesheni Anvil, msako wa Waingereza dhidi ya Mau Mau, ilipoanza, Nairobi ilizingirwa. Guka wangu, yaani babu yangu, alikuwa akiuza mkaa mtaa wa Bahati. Walipangwa foleni, wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Huyo akiitikia kwa kichwa tu, wewe unapandishwa lori. Guka alikaa kizuizini miaka 4.

Hakuna aliyemuuliza yule wa gunia: umejuaje, ulimwona wapi, una ugomvi gani naye? Taarifa ambayo huwezi kuihoji uliipokeaje kama ushahidi? Hilo linaniuma mpaka leo. Na waliozoea kazi ya namna hiyo hawakuishia hapo. Kule kambi ya kizuizi ya Hola, 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa, na taarifa ya kwanza ya serikali ikasema wamekufa baada ya kunywa maji. Maji!

Kimathi walimpata, ndiyo. Desemba 1963 Kenya ikawa huru.

Kasuku57: Sikuwa nimeliangalia hivyo. Kweli.

Mwanafunzi_Usalama: Pole sana, ndugu. Guka aliwahi kumjua aliyemuuza?

Mjukuu_wa_Tetu: Kwa miguu. Gunia liliishia magotini, na kidole gumba cha mguu wa kushoto hakikuwa na kucha. Guka alikuwa amelima naye tangu utotoni, mashamba yetu yamepakana. Aliporudi 1958 alikuta ua umesogezwa, unapita katikati ya migomba yetu.